Asteria, sauti ya wanawake wa tamthilia Nyasubi

Saa nane mchana, Jumatano, mlango wa bati wa banda la video pale Nyasubi, mjini Kahama, unafungwa kwa ndani. Kuna mabenchi sita, feni moja na wanawake arobaini na wawili. Asteria Ndaki anakaa kwenye stuli pembeni ya TV, anapuliza maiki mara mbili, kisha anapunguza sauti ya tamthilia. Kuanzia hapo, kila mwanamke atakayefungua mdomo kwenye hiyo TV ataongea Kiswahili kwa sauti ya Asteria.

"Karibuni akina mama. Simu zizimwe, na anayenyonyesha asogee karibu na feni," anasema.

Wanacheka. Ila leo Asteria hacheki nao. Benchi la mbele amekaa mama mkwe wake, Bernadina, mwenyekiti wa jumuiya ya akina mama, mkoba kaupakata magotini kama mtu aliye kwenye foleni ya hospitali.

Ndiye aliyelalamika. Juzi Jumatatu, mwenye banda, Nadeem, ambaye pia anauza TV duka la jirani, alimwita Asteria.

"Dada, mama mkwe wako anasema unafundisha uhuni. Nimemwambia aje aone mwenyewe. Akitoka kabla haijaisha, onyesho lako la Jumatano nalifunga. Siwezi kugombana na akina mama wa mtaa mzima, ndio wateja wangu."

Asteria, mwenye miaka 36, aliishia darasa la saba. Kiingereza alikiokota kwenye bwalo la chakula la mgodi mmoja huko Geita, alikoosha vyombo miaka sita huku TV ikiwaka kutwa.

Aliporudi Kahama akawa anaenda kuangalia tamthilia zinazotafsiriwa na ma-DJ, wanaume watupu. Hapo ndipo alipogundua jambo.

"Kila mwanamke akimsogelea mumewe akaongea taratibu, DJ anasema, 'Baba nanii, naomba hela ya kitenge.' Watu wanacheka mpaka basi," anasimulia. "Mimi nasikia kile Kiingereza. Yule mama hajaomba hela! Amesema anamtaka mume wake. Mume wake wa ndoa kabisa!"

Na mwanamke akionyesha raha, anasema, DJ anamgeuza malaya au mchawi hapo hapo.

Miaka mitatu iliyopita alimwomba Nadeem mchana mmoja wa wiki, wanawake watu wazima tu. Analipwa shilingi elfu kumi kwa kila onyesho. Siku nyingine anashona nguo.

Loveness, muuza dagaa asiyekosa hata Jumatano moja, anasema ameona mabadiliko nyumbani kwake. "Nilimwambia mume wangu, 'Taratibu.' Akashtuka, akaniuliza nani kaniambia. Nikamjibu, nimejiambia mwenyewe. Tukacheka wote wawili. Tulikuwa hatujacheka humo chumbani tangu tuoane."

Tamthilia ya leo ni ya mjane wa miaka hamsini, mwenye hoteli ndogo, ambaye ameolewa tena. Wamekaa kitandani na mumewe mpya, mvua inanyesha, nguo zao wamevaa. Mjane anamshika mkono.

"Taratibu," Asteria anatafsiri. "Leo hatuharakishi. Miaka ishirini nilipika, nikazaa, nikafua. Hakuna aliyewahi kuniuliza napenda nini."

Mtoto mmoja ananyonya, na unamsikia anavyomeza.

Kwenye TV mjane anaendelea kuongea. Asteria amenyamaza, anaangalia sakafu.

"Mama Davis," Bernadina anamwita Asteria kwa jina la mwanawe. "Mbona huyo mdomo wake bado unacheza, na wewe umenyamaza?"

"Mama, hayo mengine... nakuheshimu."

"Unaniheshimu kwa kunipa nusu? Nimetoka Nyahanga kwa miguu, na jua lote hili! Rudisha nyuma huko."

Kuna mtu anacheka, anaminywa na mwenzake. Asteria anabonyeza rimoti. Mvua inaanza upya, mjane anashika mkono upya.

"Nikisema hapa, ni hapa," Asteria anasema. "Nikisema bado, basi bado. Na nikicheka usishtuke, ndivyo raha yangu ilivyo. Sioni aibu. Mwili huu ni wangu, na leo nimeuleta mwenyewe."

Halafu huko nyuma kinapanda kigelegele kimoja, kinafuata kingine, mpaka bati la juu linatetemeka. Bernadina hapigi. Amefungua mkoba, katoa leso, anajipepea, macho hayatoki kwenye TV. Hatoki mpaka majina ya mwisho yanapita.

Nje, akifunga kitenge vizuri, hafichi.

"Nilikuja kufunga, ndiyo. Nimezaa watoto wanane. Na mzee wangu tuliongea mengi sana: pamba, ng'ombe, ada. Hilo neno 'bado' sikujua kama mke anaruhusiwa kulisema." Anakaza fundo la kitenge. "Wahuni ni hao ma-DJ waliotuambia mama wa watu anaomba kitenge."

Ametoa sharti moja. Kila Jumatano atakaa mlangoni yeye mwenyewe, na wanafunzi hawatapita. "Wasome kwanza. Wakiwa wake za watu, waje, nitawapa benchi la mbele."

Nadeem amekubali. "Mimi nani nibishane na huyo mama?" anasema.

Wanawake wa Buseresere nao wameomba Asteria awapelekee onyesho siku ya gulio. Lakini lililo moyoni mwake liko karibu zaidi. Jumamosi anataka kuanzisha onyesho la wake na waume zao, wakae benchi moja. Mumewe, Selestine, mchimbaji wa dhahabu huko Nyarugusu, anarudi wiki hiyo hiyo baada ya miezi miwili.

"Nataka akae pale mbele kabisa. Nitashika maiki, nitaongea kwa sauti ya yule mjane kama kawaida," anasema Asteria, kisha anashusha sauti. "Ila pale mwishoni nitaongeza maneno yangu mwenyewe. Yeye atajua."

Anapoulizwa kama hayo yaandikwe gazetini, anafunika uso kwa viganja, anacheka humo humo ndani.

"Andika. Akisoma kabla hajafika, atakuwa ameshaanza kufikiria jibu."