Sauti Iliyotangulia Kibirizi

Safari hii sikuipanga. Alhamisi jioni, nikiwa Tabora nasahihisha mitihani ya wanachuo wangu, mdogo wangu Zuhura alinitumia ujumbe wa sauti kutoka Goma, huko Kongo alikoolewa. Goma imejengwa chini ya mlima wa moto, na siku hiyo wakazi wake walitahadharishwa kwamba mlima ungeweza kulipuka. Ujumbe ulikuwa mfupi: "Dada, mlima unakohoa. Tumeambiwa tuhame. Nimembeba Faraja, tunateremka ziwani. Mwambie mama nakuja nyumbani." Faraja ni binti yake. Nilipompigia, simu ilikuwa imezimwa. Ijumaa nilipiga tangu alfajiri. Haikupatikana.

Nyumbani ni Buzebazeba, Kigoma, kwa mama yetu. Katika fadhaa ile niliutuma ujumbe kwenye kundi la walimu wenzangu, nikaandika chini yake: "Tuwaombee ndugu zangu wa Kigoma." Nilimaanisha mama na ukoo uliokuwa ukimngoja Zuhura. Sikuandika popote kwamba aliyezungumza yuko Goma. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, na kila mwaka nawaambia wanachuo kwamba kiambishi kimoja hubadili maana yote. Siku hiyo somo langu lilinipita.

Jumamosi, saa kumi na mbili asubuhi, basi liliondoka Tabora. Tulipita Urambo, kisha Kaliua, nami nikawa naipima njia ya Zuhura kichwani: boti ya Ziwa Kivu hadi Bukavu, gari hadi Uvira, kisha boti ya mizigo hadi Kibirizi, hapo Kigoma. Kama alitoka salama, angeshuka Jumapili au Jumatatu. Upande wa pili wa hesabu hiyo sikuugusa.

Tulipokuwa tumeiacha Kaliua, nilisikia sauti ya mdogo wangu nyuma yangu. "Dada, mlima unakohoa." Niligeuka. Kijana mmoja alikuwa ameishika simu juu ili wenzake wasikie.

"Kigoma kunalipuka," alisema.

"Mlima gani, kaka? Kigoma kuna vilima vya kuchosha baiskeli tu."

"Umejificha. Si unamsikia dada wa watu anateremka ziwani?"

"Basi migebuka itatoka ziwani imeshakaangwa. Mimi nabeba ugali na ndimu."

Basi zima lilicheka. Konda akakohoa kwa vumbi, na mtu akamjibu kutoka siti za mbele, "Hameni." Wakacheka tena. Nilitaka kusimama niwaambie huyo ni nani. Nilibaki nimekaa, kwa sababu nilijua sauti ile ilianzia kwenye simu ya nani.

Kwenye daraja la Malagarasi nilijaribu tena namba ya Zuhura. Mto ulikuwa umejaa, rangi ya chai ya maziwa, na mafunjo yamelala upande mmoja. Mwanamke wa kwenye mtambo wa simu aliniambia kwa upole kwamba nijaribu baadaye.

Saa tisa alasiri tuliingia Kigoma. Dereva wa bajaji alipokea begi langu kwa tabasamu. "Karibu, mama. Umekuja kuuaga mji?"

Nilimuuliza kama anaziamini habari hizo.

"Nusu," alisema. "Ukilipuka naingia ziwani na bajaji yangu, moto haujui kuogelea. Hiyo ndiyo nusu isiyoamini."

"Na inayoamini?"

"Hiyo imeshampeleka mke wangu Kasulu."

Buzebazeba nilimkuta mama amesimama mlangoni. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja peke yako?" Alikuwa akitazama nyuma ya bega langu.

Wakati huo jirani yetu, Baba Hamisi, alikuwa akiteremka njiani na godoro kichwani. Alikuwa amelipandisha kilimani asubuhi baada ya kusikia kwamba ziwa litachemka. Huko juu mtu akamkumbusha kwamba moto wa volkano hutoka mlimani. "Shemeji zangu," alituambia huku akihema, "huu mji hauna pa kulaza godoro." Mke wake alicheka hadi akajishika ubavu.

Mama hakucheka. Aliniwekea chai, akakaa. "Siwalaumu," alisema. "Mwenye hofu hucheka. Lakini aliyemtoa mwanangu hadharani, hadi kila anayekohoa amwigize, sijui tulimkosea nini."

Nilikoroga chai yangu.

Jumapili asubuhi gari la matangazo lilipita mitaani: Kigoma hakuna mlima wa moto, wananchi waendelee na shughuli zao. "Umehamishiwa Katavi," alijibu mtu barazani.

Nilikwenda Kibirizi. Dagaa walikuwa wameanikwa mchangani na juu ya vichanja, lakini anga ilikuwa nzito, na wanawake walikuwa wakiwageuza bila matumaini. Mmoja wao, Mama Neema, alinisalimu kwa Kiha, "Mwakeye," akanisogezea ndoo niikalie. Nilimwambia namngoja mgeni kutoka Uvira.

"Utangoja sana. Ziwa limechafuka." Akainua reki yake ya kugeuzia dagaa. "Siku ya nne hii hatuoni jua. Huo mlima wenu wa kwenye simu uje tu, unikaushie dagaa."

Mwenzake akakohoa kwa makusudi. Mama Neema akaiga sauti nyembamba, yenye kutetemeka, jinsi Zuhura alivyotetemeka: "Dada, mlima unakohoa." Aliiga vizuri. Hata pale Zuhura alipovuta pumzi kabla ya kumtaja mtoto, naye alivuta.

Boti mbili kutoka Kongo zilitia nanga siku hiyo. Nilimtazama kila aliyeshuka. Jioni niliporudi, mama alinitazama mikono, kana kwamba ningeweza kuwa nimebeba mtu.

Jumatatu, yapata saa tano, boti ya tatu ilionekana, imelemewa na madumu ya mawese. Abiria walikaa juu ya madumu. Mawimbi yalikuwa yakiiinua na kuificha, na kila ilipopotea nilihesabu hadi ilipoibuka. Mama Neema aliacha reki yake, akasimama karibu nami.

Ilipofika, wapagazi waliingia majini kuteremsha watu. Mmoja alibeba begani mtoto wa kike, macho mekundu, nywele zimekauka kwa vumbi. Mtoto alikohoa. Kikohozi kirefu, kikavu.

"Hameni," mtu akasema nyuma yetu, na ufuko mzima ukacheka.

"Pole, Faraja," alisema mwanamke aliyekuwa akitembea majini nyuma ya mpagazi. "Tumefika. Sasa tunakwenda kwa bibi."

Kicheko kilikatika. Nilimwona Mama Neema akigeuza uso taratibu. Aliitambua sauti ile sekunde moja kabla sijauona uso. Siku nzima iliyopita alikuwa ameibeba kinywani mwake.

Zuhura alinikumbatia akiwa amelowa hadi kiunoni. Simu, aliniambia, iliisha chaji tangu Goma, kisha ikaanguka bandarini Bukavu katika kusukumana. Mumewe amebaki huko na mizigo. Kisha akawatazama wale wanawake waliokuwa wamenyamaza. "Mbona wananitazama hivi?"

"Wanaijua sauti yako."

"Ilifikaje hapa kabla yangu?"

"Niliituma mimi," nilisema, nikamweleza yote pale pale, mbele yao.

Alikamua maji kwenye upindo wa nguo yake. "Basi ilipata boti nzuri kuliko yangu."

Mama Neema alikuwa ameshampakata Faraja, akimfuta macho kwa ncha ya kanga iliyoloweshwa maji. "Tusamehe, mdogo wangu," alisema bila kuinua kichwa. "Sisi tulidhani ni sauti tu."

Nyumbani, mama alimpokea mjukuu, akaingia naye jikoni, na kwa muda mrefu hatukusikia ila mwiko wa uji. Alasiri nilimwambia kwamba aliyemtoa mwanawe hadharani ni mimi.

"Nilijua tangu Jumamosi," alisema. "Ulikoroga chai ambayo sikuitia sukari."

Alhamisi nilianza safari ya kurudi. Kundi la walimu nilikuwa nimeshaliandikia, nikataja mji na mtu, lakini masahihisho hayatembei kwa mwendo wa kosa. Hadi naondoka, mlima haukuwa umelipuka. Nimejifunza kwamba mzaha huhitaji mtu asiye na jina wala mahali, na kwamba mimi ndiye niliyemvua Zuhura vyote viwili kabla ya kumpitisha kwa watu.

Tulipokaribia Uvinza, mzee wa siti ya jirani alifungua simu yake. "Dada, mlima unakohoa," ikasema. Abiria wawili wakaanza kutabasamu.

"Huyo ni mdogo wangu," nilisema. "Anaitwa Zuhura. Alikuwa Goma, siyo Kigoma. Jumatatu alifika kwa mama."

Mzee aliizima simu, akaiweka mapajani. Kisha akanigeukia.

"Na mtoto?" aliuliza.

"Bado anakohoa," nilimjibu. "Lakini anakula."