Siku Tuliyofunga kwa Ajili ya Mvua

Nikikumbuka machimbo, kinachotangulia ni mlio wa vinu. Si vinu vya mtama, vilikuwa vya chuma, na ndani yake mawe. Tangu alfajiri wanawake walikaa nje ya nyumba zao wakitwanga mawe ambayo wanaume waliyapandisha kutoka kwenye maduara, yale mashimo yao marefu ya dhahabu, kisha wakayachekecha mpaka wakapata unga laini. Waliuita unga, na mimi niliyekuwa nimeletwa juzijuzi kutoka kwa bibi yangu Bugwema nilifurahi bure, nikadhani kwa baba na mama kuna ugali wa kumwaga. Nilikuwa na miaka saba. Kiswahili changu kilikuwa cha kuombea maji tu, maana kwa bibi tulizungumza Kijita kuanzia asubuhi hadi tunalala. Kwa hiyo kila neno nililolisikia pale nililibeba kama lilivyo.

Kiangazi cha mwaka ule hakikutaka kuondoka. Mchana upepo wa ziwani ulipoanza kuvuma ulizoa vumbi la kila ua, ukalichanganya na moshi wa kuni, na mlima wa upande wa Butiama niliokuwa nauona asubuhi ukapotea kabisa. Uji ulikuwa na mchanga. Ilikuwa miaka ile ya foleni za sabuni, tukawa tunafulia majani ya mpapai, na nguo hazikutakata hata kidogo. Kwa muda mrefu niliamini watu wa machimbo huzaliwa na nyusi nyeupe. Mama yangu alikuwa anakohoa. Alitwanga, akakohoa, akashika ubavu, akatwanga tena. Zahanati haikuwa na dawa, na mganga wa pale alimwambia akae mbali na vumbi, au basi angojee mvua ije itulize hewa. Akae mbali wapi, na vumbi lenyewe tulilala nalo? Mimi nilishika hilo la pili: mvua ikinyesha, mama atapona.

Lakini mvua yenyewe ndiyo iliyonivuruga akili. Bibi alikuja kututembelea na kikapu cha mihogo myembamba kama vidole, na kabla hata hajaketi akaanza kulalamika, tena kwa Kiswahili ili majirani nao wasikie, kwamba wachimbaji wamefunga mvua. Alisema Bugwema na Suguti yote wanajua: mvua ikinyesha maduara hujaa maji, ndiyo maana wenye maduara wametafuta mtu wa kuifunga. Baba alicheka, akamwambia mama mkwe wake aache maneno ya kisimani. Ila baadaye nikamsikia akimwambia mwenzake wa kazi kwamba jua likiwaka mwezi mmoja tu zaidi, watafikia mwamba wenye mali. Sasa nimshike nani? Bibi alitaka mvua, baba alitaka jua, na mama alikohoa katikati yao bila kusema anataka nini.

Jumapili iliyofuata, mwinjilisti wetu alisimama kanisani akatangaza kwamba Jumatano watu wazima wote watafunga kwa ajili ya mvua. Kanisa zima likaitikia amina. Mama naye akasema amina, kwa sauti, na macho ameyafumba. Kufunga nilikokujua mimi kulikuwa kufunga mbuzi na kufunga mlango. Kumbe bibi alisema kweli, na kumbe si wenye maduara peke yao, hata mwinjilisti yumo, hata mama anayeihitaji mvua kuliko wote! Nilitaka kumuuliza, nikaogopa. Jumatano asubuhi hakuwasha moto. Mchi wake ulilala juu ya kinu. Alinipa kiporo cha ugali, yeye mwenyewe asionje hata maji, akajifunga kanga akaenda kanisani. Baba alikuwa duarani. Nikabaki peke yangu, nikiwa na hakika kwamba mvua inafungwa muda ule ule na kwamba nisipoifungua mama atakufa.

Nilianza na mbuzi wa jirani. Nikafungua mzigo wa kuni, nikafungua mlango, nikafungua hata fundo la shuka lililofunika redio ya baba. Mwisho nikavifikia viroba. Vilikuwa sita, vimeegemezwa ukutani, vimejaa unga wa mawe uliongoja kuoshwa utoe dhahabu, kazi ya baba na mama ya kiangazi chote. Nilifungua kamba zote sita kwa kucha na kwa meno, nikaipanua midomo ya viroba ili kama mvua imo humo itoke. Viwili vikaanguka, na mimi sikuwa na nguvu za kuvisimamisha. Upepo wa ziwani ukafika kwa saa yake ile ile.

Mama aliporudi, ua ulikuwa mweupe na mbele hapaonekani kwa vumbi. Alipiga magoti akaanza kuukusanya unga kwa viganja na kwa ufagio, bila kufunika pua, hajala wala hajanywa tangu jana yake, mpaka jua likazama. Nilimsihi aache, kwa Kijita, nikilia, naye akaniambia niingie ndani. Kesho yake akakohoa damu, na baba akampandisha kwenye lori la mkaa kumpeleka hospitali ya Musoma. Lori halijamaliza hata saa mbili barabarani, mvua ikashuka. Majirani walitoka wakacheza, wakasema Mungu amejibu mfungo. Nami nililowa pale uani nisijue nimemponya mama au nimemuua.

Mama alirudi baada ya majuma matatu, amekonda. Duara lilikuwa limejaa maji na kubomoka, na baba akahamia Bunda kuuza mitumba, iliyokuwa imeanza kujaa sokoni enzi hizo za ruksa, serikali ilipolegeza biashara. Kamba za viroba hakuna aliyeniuliza. Baba alisema ni upepo.

Siku hizi mama anaishi kwangu, Musoma mjini, karibu na ziwa ambako hewa ni safi, nayo haimsaidii sana. Kutoka kitandani hadi mlangoni anapumzika mara mbili. Kule machimbo sasa mawe yanasagwa na mashine, na vumbi la siku moja linazidi letu la mwezi. Juzi, nikimkanda mgongo, nikamweleza yote: neno nililolisikia vibaya, mbuzi, kuni, viroba. Nina wajukuu, na bado nilikuwa nangoja kuchapwa.

"Nilijua," akasema. "Upepo haufunguagi kamba."

Nikamuuliza mbona hakunichapa, mbona hakumwambia hata baba.

"Kifua kilikuwaga kimeshaharibika, mwanangu. Kabla hata hujatoka kwa bibi yako."

Nilimwangalia usoni nijue kama ni kweli au ananihurumia tu, nikashindwa. Nikafungua mdomo nimuulize tena, naye akaanza kukohoa, nikakaa kando yake kusubiri amalize.