Tuliomba Tukimenya Ndizi

Wale mliokulia migombani, huko kwetu Nyaishozi na Karagwe nzima, hamhitaji kuambiwa asubuhi zetu zilinukia nini. Moshi wa kuni mbichi, majani ya migomba yaliyolowa umande, maharage ya jana yakipashwa moto. Tulishuka bondeni na madumu ya njano, tukapanda na matope mekundu hadi magotini, tukanawa miguu tu na kukimbilia shule. Jioni tulicheza rede kwa mpira wa majani makavu ya migomba. Wanasesere tulijisukia wenyewe kwa nyuzi za migomba hiyohiyo, tukawabeba mgongoni mpaka shingo zikakatika. Nikiwasimulia wanangu hayo, wananitazama kama mtu aliyepanda safina na Nuhu. Mwanasesere wao asipoongea, wanasema ameharibika.

Lakini nyumbani kwetu kulikuwa na kitu ambacho sikukiona kwa majirani, nacho ni utaratibu. Baba alikuwa mwinjilisti wa mtaa wetu wa Kilutheri. Kabla jua halijachomoza alikohoa mara mbili mlangoni, na kikohozi hicho kilitosha. Tulikusanyika sebuleni juu ya nyasi laini zilizotandikwa sakafuni, tukaimba wimbo mmoja, Baba akaomba, ndipo moto ukawashwa. Hakuna aliyegusa sufuria kabla ya amina. Kisha Mama alimenya ndizi, mimi na mdogo wangu Anitha tukaenda kuchota maji, Baba akaingia kibanjani, kwenye migomba na mibuni iliyoizunguka nyumba. Saa nne Mama alimpelekea uji. Jikoni Baba hakuingia, wala sikuwahi kufikiri kwamba angeweza kuingia.

"Nyumba yenye utaratibu," alipenda kusema, "shetani huizunguka akitafuta mlango asiuone."

Mimi niliyaamini maneno hayo kuliko yeye alivyodhani.

Nilikuwa na miaka kumi Mama alipopata ujauzito uliomsumbua. Miguu ilivimba, kichwa kikamuuma hata hakuweza kutazama mwanga wa mlangoni. Baba alimpeleka hospitali, na huko wakasema presha imepanda sana, asirudi nyumbani mpaka ajifungue. Mama mdogo alibaki kumuuguza. Shangazi alikuja kutoka Bugomora akakaa nasi wiki moja, lakini naye alikuwa ameacha watoto wadogo na maharage yasiyopaliliwa. Alipoondoka tukabaki watatu: Baba, Anitha na mimi.

Asubuhi ya kwanza tuliimba kama kawaida. Bila sauti ya Mama, wimbo ulikuwa kama kikapu kilichotoboka. Baada ya sala Baba akaenda kibanjani, sisi tukaenda bondeni, na tuliporudi hakukuwa na chakula. Tulikwenda shule na njaa. Kesho yake ikawa vilevile. Siku ya tatu nilikuwa jikoni nikihangaika na moto, nikamwona Baba ameinama kwenye mlango wa jiko, ameshika kisu.

"Koku, sogeza kigoda," alisema. "Leo tutaomba tukimenya."

Akaketi. Alimenya ndizi kama mtu anayechonga mpini wa jembe, maganda yakatoka manene na ndizi ikabaki kama kidole. Hakujua kwamba mikono hupakwa mafuta kwanza, kwa hiyo utomvu ukamganda mpaka kwenye viwiko, mweusi kama lami. Anitha alicheka. Mimi sikuweza. Baba aliomba macho yakiwa wazi, akitazama kisu, na wimbo hatukuimba, maana maji yalikuwa tayari yanachemka.

Siku hiyo darasani sikusikia somo. Niliwaza jambo moja: tumeuvunja utaratibu, sasa mlango umeonekana.

Baada ya hapo mabadiliko yakafuatana. Saa nne hakukuwa na uji tena, Baba alibeba chai kwenye chupa. Sala ya jioni ikasogezwa, kwa sababu kila baada ya siku moja alipanda baiskeli kwenda hospitali na chakula cha Mama, na alisema anaombea njiani. Ijumaa hakwenda mazoezi ya kwaya, alikuwa anatufulia sare. Kila kilichobadilika nilikihesabu kwa vidole, na kila kidole kilinionyesha Mama akifa. Sikumwambia mtu. Nikaamua kuushika utaratibu peke yangu. Niliamka kabla ya wote, nikaketi kwenye nyasi za sebuleni, nikakohoa mara mbili, nikaimba wimbo wetu kwa sauti ya chini mpaka beti zikaisha.

Siku ya sita Baba alinikuta. Sijui alikuwa amesimama hapo tangu lini.

"Unafanya nini, Koku?"

"Naomba."

"Si tutaomba jikoni?"

"Jikoni siyo penyewe," nikasema, na machozi yakanitoka. "Baba, wewe ndiye uliyesema. Tukivunja utaratibu, Mama atakufa."

Alikaa chini karibu nami, akajikunja kama mtu mwenye tumbo linalouma.

"Nilisema hivyo," alijibu. "Nilisema kwa sababu mimi mwenyewe naogopa. Mtu anayeogopa hupenda kila kitu kikae mahali pake. Lakini Mungu hakai sebuleni, mwanangu. Tukienda jikoni, yuko. Nikiwa kwenye baiskeli, yuko."

"Kwa hiyo Mama hatakufa?"

Nilitaka aseme hatakufa. Mwinjilisti, baba yangu, mtu aliyesimama mbele ya kanisa zima kila Jumapili, alinitazama akasema, "Sijui. Twende tukamenye ndizi."

Nilimfuata. Hofu haikuondoka, ila tangu asubuhi hiyo tuliibeba wawili.

Wiki ya tano, jirani yetu mzee Rwegasira, Ta Rwegasira kama tulivyomwita kwa heshima, alirudi kutoka mjini na baiskeli yake, akasimama nje bila kushuka. "Mwambieni baba yenu, mama amejifungua kwa operesheni. Mtoto wa kike. Wote wapo." Akaenda zake. Hakusema wazima, alisema wapo. Neno hilo nililitafuna siku mbili, mpaka Baba aliporudi kutoka hospitali na kutuambia kwamba mtoto amezaliwa kabla ya wakati wake, na jina lake ni Kemilembe, yaani mwenye amani. Nyumba nzima haikuwa na amani hata ya kujaza kijiko.

Walipoletwa nyumbani baada ya majuma kadhaa, nilimfunua yule mtoto nikaogopa kumgusa. Kichwa chake kingetosha kwenye kikombe cha bati. Wauguzi walikuwa wamemfundisha Mama kumweka kifuani, ngozi kwa ngozi, asipoe hata kidogo. Lakini Mama alikuwa na mshono, na siku ya tatu akashikwa na homa, akawa anatetemeka kitandani. Baba alifungua vifungo vya shati. Alimpokea mtoto, akamlaza kifuani, akafunga kitenge cha Mama kuzunguka mwili wake, kisha akavaa koti la kanisani juu yake.

Hivyo ndivyo alivyokwenda kanisani Jumapili. Alihubiri akiwa amejishika kifua kwa mkono mmoja. Kanisa lilijaa minong'ono. Tulipotoka, Ta Rwegasira alikuwa anatafuna buni, akamwambia mbele ya watu, "Mwinjilisti, umekuwa mama siku hizi?"

"Ta Rwegasira," Baba akajibu taratibu, "huyu akipoa, hapo mimbarini nitakuwa nimehubiri nini?"

Jioni mke wa mzee huyo alituletea sufuria ya maziwa.

Asubuhi moja tulikuwa jikoni, Baba akimenya na kuomba, mtoto kifuani. Katikati ya sentensi akanyamaza. Nilidhani anatafuta neno. Kisha nikaona kisu kimeanguka, na Baba amemtoa Kemilembe kwenye kitenge. Midomo yake ilikuwa ya rangi ya majivu na kifua hakikutikisika. Baba alimsugua mgongo kwa kiganja chake chenye utomvu, akampigapiga nyayo kwa kidole kama alivyofundishwa. Anitha alinishika gauni. Mimi nilitazama kile kifua na sikuomba chochote, sikuwa na neno hata moja. Kisha mtoto akakohoa, akalia kilio kidogo kama cha paka aliyezaliwa jana. Baba akamrudisha kifuani, akamfunika. Sala yake hakuimalizia. Alisema amina papo hapo, nasi tukaitika.

Kemilembe alipona. Msimu wa senene ulipofika, alikuwa na mashavu, na Mama alikuwa ameweza kuinama. Siku Mama alipokichukua tena kisu chake, Baba hakuondoka jikoni. Alitafuta kisu kingine akaketi kando yake. Sala ya asubuhi haikurudi sebuleni kamwe, na wanaume wa mtaani walimcheka mpaka wakachoka.

Siku hizi mimi naishi Kayanga. Asubuhi hatukohoi mlangoni, kila mtu huamshwa na simu yake, na sala yetu hutumwa kwenye kundi la familia, wengine wakajibu amina saa sita mchana wakiwa wamemaliza kula. Vijana mtandao ukikatika nusu saa wanasema dunia imekwisha. Siwalaumu sana. Nami nimekuwa kama wao.

Kemilembe sasa ni mwalimu huko Kimuli, na ni mjamzito. Juzi alinitumia ujumbe kwamba miguu imeanza kuvimba. Enzi zetu habari kama hiyo ingekuja kwa baiskeli baada ya siku mbili, ingefika imechoka, ikitukuta tuko wengi jikoni. Hii ilinikuta peke yangu ofisini, ikiwa bado ya moto. Nikampigia mara tano kabla ya saa sita. Mara ya tano akaniambia, "Dada, nimekwenda kliniki, wamenipima, wameniambia nipumzike. Naomba na wewe upumzike."

Nikamwambia sawa, nikakata simu. Kisha nikaomba ruhusa, nikaenda kupanda gari la Kimuli.