Sauti Kwenye Chumba cha Tende

Nikwambie mapema, hii stori inanitoa mjinga. Vijana tunaokaa nao chumba kimoja hapa Al Mansoura, Qatar, wanaijua, na mgeni akija kutusalimia wanamsimulia hata kabla hajaonja chai. Kwa hivyo heri niitoe mwenyewe. Angalau mimi sitaongeza chumvi, iliyomo inatosha.

Mimi ni askari. Sio wa bunduki, askari wa kusimama. Kampuni yetu ya ulinzi ilikuwa imenipanga kwa nyumba moja ya kale, zile za Waqatari wa zamani, kuta nene, ua katikati, vyumba vimezunguka ua. Ilirekebishwa ikawa ya kutembelewa. Mchana walikuja watoto wa shule na watu wa kupiga picha. Lakini kila Alhamisi, giza likianza kuingia, alikuja mama mmoja Mzungu, sisi tulimuita madam tu, na kikundi chake cha kutafuta mizimu.

Mara ya kwanza nilidhani ni mzaha. Kwetu magharibi ya Kenya nyumba ikisemwa ina pepo, watu wanahama na godoro kichwani. Hawa walikuwa wanapanga laini waingie. Watu wa ofisi, manesi, bwana na bibi wamevaa vizuri kama wanaenda harusi. Madam anawapa tochi ndogo, anawatembeza chumba baada ya chumba akisimulia nani alikaa hapa na nani alifia pale. Kulikuwa na kamashine fulani kenye taa, kakilia tu, watu wazima wanashikana mikono.

Mimi kwa mlango nilikuwa nakufa na kicheko. Kuna siku niliangusha funguo makusudi nyuma ya ukuta, na jamaa mmoja mwenye kifua kama kabati akauliza choo kiko wapi.

Supavaiza wetu hakuwa anacheka. Alikuwa Mganda, mtu mzima, aliwahi kuwa jeshini kwao, na Kiswahili chake kilikuwa cha kambini, kifupi kama amri. Tulimuita Mzee. Nikimpigia stori ya kuchekesha ananiangalia tu, kama mtu anasoma bei dukani, halafu anaenda.

Sasa wakati huo nilikuwa na shida yangu. Sikuwa nimeenda nyumbani tangu nije Qatar. Mama yangu macho yalikuwa yameanza kuingia ukungu, na alikuwa ameniambia kwa simu, bila kulia wala nini, kwamba anataka kuniona akiwa bado anaona. Nikaomba likizo. Mzee ndiye alinisukumia hiyo maneno ofisini mpaka ikakubaliwa. Mama naye akaanza kutangaza kijijini, hata jogoo akachaguliwa.

Halafu nikairudisha. Nilienda kwa Mzee nikamwambia sitaki tena, ampe mtu mwingine. Akaniuliza mara moja tu kama nina uhakika. Nikasema ndio. Hakuuliza tena, akaweka karatasi kando.

Sababu ni nyumba. Nilianza kujenga kwetu, ikafika lenta, pale juu ya madirisha, ikasimama. Madirisha ni matundu, nyasi zimeota mahali pa sebule, mbuzi wa jirani ndio wanalala pale kama wenye nyumba. Na kwetu mtu wa Qatar akirudi, watu wanakuja kumuona hata wale hawajawahi kumsalimia, na wanaanza kumuangalia mikono kabla ya uso. Sikutaka nishuke ndege halafu nilale jikoni kwa mama kama kijana wa darasa la nane. Nikajiambia nimalize paa kwanza. Macho ya mama yatangoja. Hivyo ndivyo nilijiambia, na sitadanganya hapa pia.

Ilibaki kumwambia mama. Nikaamua nitasema wamenikatalia.

Kwa ile nyumba kulikuwa na chumba cha tende. Zamani waliweka magunia ya tende pale, sakafu ina mifereji midogo, asali ya tende inatiririka mpaka kwa shimo. Nilikipenda hicho chumba kwa sababu mbili. Kwanza kina baridi. Pili, waifai ya kafteria ya jirani ilikuwa inafika pale kwa kadirisha kadogo, na kijana wa chai wa pale alinipa paswedi kwa sababu nilikuwa namchekesha. Simu tukiwa kazini ilikuwa marufuku, na askari kuingia vyumbani wakati wa wageni pia marufuku. Lakini madam alikuwa na kitu chake alichoita muda wa kimya. Watu wote wanakaa upande ule mwingine wa nyumba, taa zimezimwa, na huku anaacha rekoda ikisikiliza chumba kitupu. Halafu wanakusanyika uani kusikiliza kama kuna kitu kimeongea.

Rekoda siku zote aliiweka majilisi, ile sebule ya wageni wa kiume. Kwa hivyo wakati wa kimya ndio ulikuwa wakati wangu. Nani atanitafuta kwa tende?

Hiyo Alhamisi nikaingia, nikachuchumaa chini ya kadirisha, nikashika simu nirekodi sauti nimtumie mama. Sikutaka kupiga, maana mama angeniuliza maswali. Nikasema, "Mama, wamekataa nisije nyumbani." Nikajisikiliza. Nilikuwa na furaha kama mtu anatangaza matokeo ya mpira. Nikafuta. Nikajaribu tena, nikaweka na pumzi ya huzuni mbele, ikatoka kama mbuzi. Nikafuta hiyo pia.

Sikutaja kampuni, wala meneja, wala likizo. Uongo ukiupa jina, unaweza kupigiwa simu. Nilisema tu "wamekataa", hao wao wasiojulikana.

Ya tatu nikafunga macho. Nikamuona mama ameshika mlango, ameinua mkono juu ya nyusi vile anafanya siku hizi akitaka kujua nani anakuja. Nikasema, "Mama, wamekataa kuniachilia. Nimewaomba, wamekataa. Usiningoje." Na hapo kwa "usiningoje" sauti ilikatika yenyewe. Sikuipanga. Nikatuma haraka, nikajipangusa na mkono wa shati ya kampuni, nikarudi mlangoni nikasimama wima kama mtu mwaminifu.

Basi wakakaa uani. Mzee naye alikuwa amefika kukagua, kama kawaida yake, akasimama karibu na mimi. Madam akaunganisha rekoda na spika ndogo. Akasema leo amejaribu mahali papya, chumba cha tende, kwa sababu majilisi imekuwa kimya wiki nyingi.

Nilisikia hayo maneno, lakini akili ilikuwa bado haijafika.

Spika ikafanya shhh kwa muda. Halafu mtu akasema, "Mama."

Kusema ukweli, nilishika mkono wa Mzee. Sauti ilikuwa nzito, kama inatoka kisimani, sijui ni zile kuta ama ni nini. Ilikuwa imeshasema sentensi nzima ndipo nikaelewa kwamba huyo mzimu ni mimi.

Ikaja ya pili, ile ya mbuzi. Watu hawakucheka. Kuna mama mmoja alifunika mdomo. Madam akanong'ona kwamba ndivyo wanavyofanya, roho zilizokwama hurudia jambo lile lile, haziwezi kutoka pale. Halafu ikaja ya tatu. Ile sauti ilipokatika, tulisikia magari kule barabarani.

Nilikuwa nangoja mtu ageuke aseme, si huyu ni askari wa mlango? Hakuna aliyegeuka. Ndio nikajua kwamba hawa watu hawajawahi kusikia sauti yangu. Askari hana sauti, ana "yes madam" na "this way sir". Ningeongea Kiswahili saa nzima mbele yao, bado wangemtafuta mwenye hiyo sauti kwa ukuta.

Msichana mmoja akasema amesikia neno mama, na sio Kiarabu. Madam akaniangalia. Akaniuliza taratibu kama hiyo inaweza kuwa lugha ya kwetu, na kama ninaelewa inasema nini.

Nikamwangalia Mzee. Mzee alikuwa anaangalia nyota.

Nikisema ni mimi, kazi imeisha, maana simu na chumba vyote viwili ni marufuku. Nikisema sielewi, atamuuliza Mzee, na Mzee hadanganyi. Basi nikawatafsiria kama ilivyo, neno kwa neno, na Kiingereza changu cha shule ya msingi. Anasema, mama, wamekataa kuniachilia nije nyumbani. Nimewaomba. Usiningoje.

Bwana mmoja akavua kofia. Yule msichana akaanza kulia, kilio cha kweli, akaniuliza kama huyo mtu alisema jina lake. Nikamwambia hakusema. Ndio madam akaeleza, sauti yake imeshuka kabisa, kwamba kwa nyumba kama hizi kulikuwa na watu walioletwa kutoka pwani ya Afrika kwa meli, wakauzwa, wakabebeshwa magunia, wakatumwa baharini kuzamia lulu. Wengi wao lugha yao, akasema, ingekuwa hii.

Mimi hiyo habari nilikuwa naisikia kila Alhamisi. Nilikuwa naisikia vile unasikia feni. Lakini siku hiyo iliingia. Kwa sababu kama kweli kuna mtu kutoka upande wetu aliyebeba tende kwa kile chumba, na mimi sina sababu ya kukataa, basi kuna usiku alisema hayo maneno yangu. Yale yale, hata hangehitaji kuyapanga. Mama, wamekataa kuniachilia. Na kwake yalikuwa kweli, na hakukuwa na mtu wa kumpelekea. Mimi wameniachilia, wamenipigia na muhuri, halafu nimeingia kwa chumba chake nimechukua shida yake nimeivaa, kama mtu anaiba nguo kwa kamba.

Watu wakatoka polepole, wananisalimia kwa mkono, jambo ambalo hawakuwahi kufanya. Mmoja aliniambia pole. Nikasema asante. Kuna upuuzi mwingine ukiusema hata meno yanauma.

Walipoisha, Mzee akaniambia bila kunigeukia, "Sasa wewe kijana, hata majini umewafundisha uongo."

Nikaanza kujitetea, ati mimi sikujua rekoda iko pale. Akasema hilo si neno. Neno ni kwamba madam amemwambia atakuwa anaichezea kila kikundi kipya hiyo sauti, kila Alhamisi, na watu watalia, na watarudi kwao wakisimulia. Akauliza kama mimi niko sawa na hiyo. Halafu akaenda kuzima taa, akaniacha na hilo swali kama mzigo wa mtu mwingine.

Sikuwa sawa na hiyo. Nilimkuta madam anafunga nyaya zake, nikamwambia. Nilimwambia yote, simu, kadirisha, mama, likizo niliyorudisha. Akaniuliza kitu kimoja tu, "Kwa hiyo hakuna mtu aliyekukatalia?" Nikasema hakuna, madam. Alichukua rekoda, akafuta mbele yangu, uso wake kama mtu ametafuna kidonge. Hakunichongea kwa kampuni. Lakini wiki iliyofuata Mzee alinipanga nje, kwa maegesho, kwa jua, na nadhani kila mtu aliona ni haki.

Kuna maswali ambayo bado ninayo. Wale watu walilia kwa sababu ya uongo wangu, lakini mtu waliyemlilia aliwahi kuwepo kweli. Nikiwafutia sauti, nimemfuta na yeye? Sijui. Mimi sio mtu wa kusoma sana. Najua tu kwamba nilipokuwa nimejificha nyuma ya ukuta nikiangusha funguo, nilikuwa nafikiri hakuna mtu upande wowote wa ule ukuta.

Usiku wa Alhamisi hiyo hiyo, kabla ya kulala, nilitoka nje ya jengo letu, nikakaa kwa ngazi karibu na dobi, nikampigia mama. Sio kurekodi, kupiga. Nilimwambia hakuna aliyenikatalia. Nilimwambia niliogopa kurudi nyumba haijaisha, na kwamba kesho nitaenda kwa Mzee kuuliza kama ile karatasi bado inafaa. Nilikuwa nimejitayarisha kwa kilio, ama matusi, ama ile kimya yake ambayo ni mbaya kuliko matusi.

Mama akakohoa kidogo. Nilisikia anavuta kiti.

"Hiyo sauti uliyonitumia naijua," akasema. "Ndiyo ulikuwa unanililia nayo asubuhi ukitaka kukosa shule. Mimi sikuwa nakujibu. Nilikuwa nakungoja tu uchoke, halafu unaoga unaenda. Sasa umechoka, ama bado?"