Ufa Kando ya Shimo la Babu

Nisikilize kidogo, wewe unayejenga au unayesimamia wanaojenga. Udongo wa Msalato wakati wa kiangazi unadanganya. Ukiuchimba, unasimama wima kama ukuta uliopigwa lipu, na mtu anashuka chini bila wasiwasi. Mvua ya kwanza ikishanyesha, ukuta ule ule haufai tena kuaminiwa.

Nilikuwa msimamizi wa nyumba moja huko. Shimo la choo lilikuwa limepita urefu wa watu wawili, na mchimbaji wetu alikuwa mzee kutoka Busi, upande wa Kondoa. Sote tulimwita babu. Kila asubuhi yeye aliwahi kushuka, kwa hiyo mafundi walimfuata mpaka ukingoni, wakainama na kumpa shikamoo. Kumsalimu mzee kwa mbali, kwa kupiga kelele kama unafukuza mbuzi shambani, ni utovu wa adabu. Hata mimi nilisogea pale.

Siku hiyo mvua ilikuwa imenyesha usiku. Nilipofika nilisikia sururu ya babu ikigonga chini. Nikaenda kumsalimu, macho yakitazama tope, ndipo nikauona ufa. Ulikuwa mwembamba, wa kupitisha kidole tu, lakini ulifuata ukingo, upande ule ule tulikorundika udongo na kuegemeza ngazi.

Nyuma yangu mafundi watatu walikuwa wanakuja wakitaniana.

"Rudini!" nikawaambia.

"Bosi leo kaamka vibaya," mmoja akacheka. "Hata babu tusimsalimie?"

"Rudi nyuma. Hapa pana ufa, na babu yuko chini."

Kicheko kikakatika. Yule yule aliyecheka akataka kukimbilia ukingoni amvute babu. Ni moyo mzuri, lakini ndio unaoua: uzito wa watu kwenye ukingo uliopasuka unamfukia yule wanayetaka kumwokoa. Nikamshika shati. Nikawatuma wachukue mbao na ngazi ya waezekaji, wazunguke kwa mbali, watokee upande wa barabara ambao haukuwa na ufa.

Mimi nikapaza sauti nikiwa pale pale, hatua kadhaa kutoka ukingoni. "Acha kuchimba! Usiguse ngazi! Hamia upande wa barabara!"

Sururu ikanyamaza. Kisha sauti ya babu ikapanda. "Nani huyo anayeniamuru, hata salamu hana? Ngoja nipande nimwone."

Ncha za ngazi zikatikisika. Alikuwa ameshaweka mguu. Vidonge vya udongo vikaanza kudondoka kutoka kwenye rundo, kimoja kimoja.

"Shikamoo, babu!" nikaita. "Shikamoo! Ukuta wa nyuma ya ngazi umepasuka. Nakuomba ushuke."

Ngazi ikatulia.

"Marahaba," akajibu, taratibu sasa. "Marahaba, mjukuu wangu. Niende wapi?"

"Upande wa barabara. Unashushiwa ngazi nyingine. Sururu iache."

"Sururu hii nimetoka nayo nyumbani!"

"Iache, babu!"

Wenzangu walilaza mbao, wakalala kifudifudi juu yake, wakateremsha ngazi. Kikatokea kichwa cha babu, kisha mabega. Wakamvuta. Hakuwa amefika hata kwenye rundo la kokoto lililokuwa kando ya barabara pale ukuta wa upande wa pili ulipoinama, ukazama na ngazi yetu na udongo wote, kwa kishindo kifupi kizito. Pale alipokuwa amesimama kuchimba pakawa hapaonekani.

Babu akakaa kwenye tope. "Kumbe mngenisalimu kwa adabu mkanizika," akasema.

Kama hukuyajua haya, usivunjike moyo. Hata sisi tulioshinda kazini kila siku tulikuwa hatuyawazi, na si magumu kuyashika. Ukiona ufa kando ya shimo lenye mtu, usisogee ukingoni. Wazuie wenzako, mwambie aliye chini ahamie upande usio na ufa, na mshushie ngazi huko.