Nilificha Waya, Nikamtupa Ndugu Yangu

Nimekosa, jamani! Msinitafutie udhuru, maana mimi mwenyewe nimeutafuta miaka chungu nzima na sijauona.

Haya ninayoyasema sijamwambia hata mke wangu. Jina langu niachieni. Anayenijua atanijua kwa kisa.

Miaka ya mwanzo ya elfu mbili nilikuwa dereva wa kambi moja ya watalii kule Bidiya, mchangani, yaani kwenye vilima vya jangwa huku Uarabuni. Kwetu ni Ibra, lakini nilizaliwa Tabora, nikaja na wazee wangu nikiwa kijana. Pale kambini nilikuwa na rafiki, nimwite Seif. Tabora tulikaa mtaa mmoja, tukasoma chuo kimoja cha Kurani, tukapigwa bakora na maalimu mmoja. Nilimhesabu ndugu wa tumbo moja.

Injinia mmoja wa Kizungu alipomaliza mkataba wake alituachia jozi nne za skii, zile mbao ndefu za kutelezea kwenye theluji. Msicheke! Mchangani nazo zinakwenda, ukizipaka nta chini na ukachagua kilima chenye mteremko mkali. Watalii walizipenda mno. Mwenye kambi akamkabidhi Seif azitunze.

Yule Mzungu alitufunza jambo moja, akalirudia mpaka likatuchosha. Kiatu kinabanwa kwenye mbao kwa chuma. Ukianguka, kile chuma lazima kiachie, mguu utoke. Kisipoachia, mbao itausokota mguu kama mtu anavyokamua nguo. Kwa hivyo kabla ya kushuka, kila mtu amkague mwenzake, hata kama huyo mwenzake ni baba yake.

Sasa hapo ndipo penye ugonjwa wetu. Sisi mtu wa kwetu hatumkagui. Akishasema tayari, wewe kuinama ukatazame ni kumwita muongo. Madereva wengine wote tuliwakagua. Mimi na Seif, aka!

Mdogo wangu Nasri, kitinda mimba, alikuwa amepokelewa jeshini. Zilibaki wiki tatu aripoti, na mama alishagawa halua kwa majirani. Ijumaa moja baada ya sala akaja kambini kutuaga, akataka kuteleza. Seif akamfunga skii.

Nikainama nitazame. Wallahi, niliinama!

"Wee, vipi?" Seif akasema. "Unanikagua mimi? Mimi wa Tabora?"

"Hapana bwana, naangalia kamba ya kiatu tu."

Nikainuka. Nikaona haya, mtu mzima mimi! Haya hiyo ndiyo iliyotuponza.

Nasri akashuka vizuri, anacheka, halafu katikati ya kilima akapinduka. Mbao ya kushoto haikutoka. Ukelele wake niliusikia nikiwa juu. Nilipomfikia, goti lilikuwa limegeukia upande. Nikafukua mchanga nimfungue, nikaona kile chuma kimefungwa kwa waya! Umezungushwa mara tatu na kukazwa kwa koleo.

Seif akafika anahema.

"Vilikuwa vinaachia ovyo, watalii wanalalamika," akaninong'oneza. "Nisitiri, ndugu yangu. Nna watoto. Nikifukuzwa hapa nawapeleka wapi?"

Nikaukata ule waya, nikautia mfukoni. Nasri alikuwa amejifunika uso kwa mkono, analia. Nilidhani haoni.

Hospitalini mwenye kambi akanijia na suali moja tu. Kama skii zilikuwa na kasoro, ataandika barua kwamba kijana kaumizwa na vifaa vya kambi, na kwa barua hiyo nafasi yake jeshini itamngoja apone. Kama ni utundu wake mwenyewe, haandiki kitu.

"Wewe ulikuwepo. Sema."

Seif alikuwa nyuma yake, ananitazama.

Nikasema, "Nasri alizichukua mwenyewe bila ya kumuuliza mtu. Akajifunga vibaya."

Kwa kinywa hiki hiki ninacholia wali! Barua haikuandikwa, na nafasi akapewa mwengine. Nasri hata leo anachechemea. Anauza vipuri vya magari Sinaw.

Haukutimia mwaka, mwenye kambi akaniita. Seif kamwambia kwamba aliyefunga waya ni mimi, kisha nikamsingizia mdogo wangu. Kamwambia mpaka mfuko niliotia waya! Nikafukuzwa siku ile ile. Na gari yangu akapewa nani? Shemeji yake Seif!

Nilikwenda kwake damu inanichemka. Akanikaribisha, akanimiminia kahawa, akanisogezea tende, kama mgeni wa heshima.

"Kwa nini, Seif? Nilikusitiri!"

"Niliogopa," akasema, wala hakuinua sauti. "Mtu aliyemuuza mdogo wake, mimi angenisitiri mpaka lini?"

Kile kikombe sikukimaliza.

Sasa sikilizeni ujinga wangu. Kutoka pale nilikwenda moja kwa moja kwa Nasri, nikamlilie. Nikamweleza Seif alivyonisaliti, alivyonigeuka, mtu niliyekula naye sahani moja. Nilikuwa nalia kweli! Nasri akanisikiliza mpaka mwisho, mguu wake kaunyoosha juu ya mto.

"Kaka," akasema, "ule waya nilikuona ukiukata."

Nikayafuta machozi upesi.

"Nilikuwa nangoja useme. Hospitali nilingoja. Nyumbani nilingoja. Idi mbili zimepita, kila ukija nasema moyoni, leo kaka atasema."

"Mbona hukunisema wewe? Kwa baba, kwa mwenye kambi?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kitu kisichoulizwa.

"Wewe kaka yangu. Ningekukagua vipi?"

Jamani! Seif alinisaliti na nikapiga kelele mji mzima ukasikia, ila la waya sikulitaja. Nasri nilimsaliti mimi, naye akanyamaza.

Baba yetu keshakufa akiamini kwamba mwanawe wa mwisho alijivunja mwenyewe kwa utundu. Nasri tukikutana hunipa shikamoo yake, akaniuliza watoto, basi. Kwangu haingii. Na mimi sina uso wa kumwambia karibu.

Wenzangu, mwenzio akisema tayari, inama utazame. Akinuna, na anune! Na ukiukuta waya, uonyeshe pale pale, mbele ya watu, hata aliyeufunga awe nani. Wangu mimi sijautupa. Umekwisha kwa kutu, na kila Idi nautia mfukoni nikisema leo nitampelekea Nasri, kisha narudi nao.