Ukuta Mweusi wa Nyumba ya Bati

Watu wa kijiji chetu cha Maguu wanapenda kusema baba yangu ndiye aliyenunua nyumba ya bati. Haya, alinunua. Lakini aliyefanya bati libaki juu ni mama, Verediana. Mimi Tadea nilikuwepo, na anayebisha na abishe.

Ilikuwa wakati wa Mwingereza, miaka michache baada ya vita vya Hitla. Raimundi, fundi seremala, alikuwa anahamia Songea, akauza nyumba yake: matofali ya kuchoma, sakafu ya saruji, kuta nyeupe pe! kwa chokaa. Baba, Osmund, aliitamani nyumba ile tangu inajengwa. Akatoa fedha yote ya kahawa ya mwaka ule, akatoa na mbuzi wote, hata yule wa pembe moja ambaye mama alizoea kuzungumza naye. Tulihamia na vitanda viwili, majembe, maharage ya kula na mahindi ya mbegu. Kiti kimoja tulikikuta, Raimundi alikiacha.

"Sasa sisi ni watu," baba akasema, amesimama sebuleni.

"Jana tulikuwa nini?" mama akamuuliza.

Baba akapiga marufuku moto ndani. Chokaa ya Raimundi isiguswe na moshi! Mama akawa anapikia nje, kwenye kibanda cha kuinama. Yale mahindi ya mbegu, ambayo kwenye nyumba yetu ya nyasi yalining'inia juu ya mafiga yakipigwa moshi mpaka siku ya kupanda, baba akayatundika sebuleni kwenye boriti, mafungu manne, yanapendeza kweli. Mama alisema mara moja tu: "Baba Tadea, mbegu inataka moshi." Akajibiwa kwamba mambo ya moshi tumeyaacha kule kwenye nyasi. Sitamlaumu baba peke yake, mama naye kuta zile zilimpendeza.

Basi kila asubuhi mama akawa anafagia vumbi jeupe sakafuni. Alidhani ni chokaa inapukutika. Miezi mitatu anafagia, jamani, mpaka siku moja mwezi wa kumi akalamba kidole. Ulikuwa unga.

Akashusha mafungu yote manne. Fukusi walikuwa wamekula kila punje, wameacha maganda. Baba akakaa chini, kofia mkononi. Kulikuwa na mtu aliyekwisha kumwambia kwamba akiyachoka mabati, yeye atayanunua.

"Nitayashusha niyauze," baba akasema. "Tusipopanda tutakula nini? Bati?"

Kuomba mbegu kwa majirani hakutaka hata kusikia. Alikuwa amewaringia mno. Nilimchukia siku ile, nasema wazi. Mama alimtazama, kisha akacheka.

"Miezi mitatu tu umechoka kuwa mtu? Yaache mabati mahali pake. Nakwenda ziwani."

Maharage yalikuwa salama kwa sababu aliyahifadhi mwenyewe kwa majivu. Akajitwisha mzigo, nami nikabeba kikapu, tukateremka mpaka Lipingo, kando ya ziwa. Huko alikuwa na rafiki yake, Gertruda, mke wa mvuvi. Nilipomwamkia "Shikamoo, mama," aliitikia marahaba huku akitafuta kitu nyuma yetu.

"Mama Tadea, mbona peke yenu? Nimesikia mna bati, nikajua mtakuja na motokaa!"

Mama akacheka mpaka akaketi mchangani. Maharage kule yalikuwa adimu, tukapata dagaa wakavu kikapu tele, na Gertruda akaongeza samaki wawili wakubwa, mbasa, wa bure. Tukapanda nao mlimani mpaka kijiji cha Namswea, ambako watu walikuwa na hamu ya samaki. Mama akasimama nyumba kwa nyumba, bakuli la dagaa kwa mahindi ya mbegu, akikataa kila hindi lenye tundu. Tulipotoka pale mzigo ulikuwa umetimia.

Mvua ikatukuta njiani, mvua ya kudanganya, kupanda bado mwezi mzima. Siku mbili jua hatukuliona. Tulifika Maguu mchana, mahindi yamelowa chapachapa. Kibanda cha kupikia kilikuwa kimelala chini. Mama akasimama mlangoni, tope mpaka magotini, hakuingia.

"Yamelowa, Baba Tadea," akasema. "Yakilala hivi yataoza." Sauti yake ilikatika. Ndipo nilipojua kwamba njia nzima, pamoja na kucheka kote kule, alikuwa anaogopa.

Baba akatoka nje mvuani. Akafukua mafiga matatu kwenye kile kibanda, akayaleta sebuleni, akayapanga chini ya ukuta mzuri kuliko yote. Kuni zilikuwa zimelowa. Akachukua kiti cha Raimundi akakipasua kwa shoka, akawasha moto. Moshi ukapanda ukutani, nasi tukakohoa wote.

"Ingia," akamwambia mama, machozi ya moshi yanamtoka. "Ingia na tope lako, mke wangu."

Sikuwahi kumsikia akimwita hivyo mbele yangu.

Moto ule haukuzimwa mpaka siku ya kupanda. Mahindi yakaota vizuri, mabati hayakushushwa. Kila kiangazi mama aliteremka ziwani na maharage, akirudi na samaki wa kuuza, na mwaka wa tatu mbuzi walirudi zizini. Baba alijenga jiko la nyasi mbele kabisa ya nyumba, kila mpita njia alione.

Mama alifariki mwaka hamsini na saba. Kabla ya wageni wa arobaini kufika, nilichanganya chokaa nikapaka sebule ili baba asione aibu. Nilimaliza kuta tatu. Nilipogeukia ule wa nne, mweusi mpaka kwenye boriti, nikamkuta baba amesimama mbele yake, kiganja chake kimegusa masizi.

"Huo acha, mwanangu," akasema. "Huo umeshapakwa."

Nikaweka brashi chini, tukalia pale wawili.